TAHADHARI: Flashi za "2TB" na "SSD 16TB" za bei ya kutupa zinakula picha zenu

Kama unapanga kuhamishia picha za harusi, vyeti vilivyoskaniwa au kazi za studio kwenye diski uliyoipata kwa bei ya kutupa, simama kwanza. Flashi za "2TB" na vile vijidude vya bati vilivyoandikwa "SSD 16TB" (SSD ni diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka ndani), vinavyotangazwa mitandaoni na kuletwa na bodaboda kwa utaratibu wa kulipa ukipokea, ni feki. Tatizo si ubora mdogo. Nafasi iliyoandikwa juu haimo kabisa.

Ukifungua kasha la hiyo "SSD" utakuta kibao kidogo cha saketi na memori kadi moja au mbili zilizogandishwa kwa gundi, mara nyingi za GB 32 au 64. Wengine huweka na kipande cha chuma ili ionekane nzito mkononi. Chipu inayoongea na kompyuta imechezewa kwa programu za kiwandani: ikiulizwa ina nafasi kiasi gani, inajibu 16TB. Kompyuta inaamini na kuanza kuandika. GB za mwanzo zinaingia vizuri na zinafunguka, nawe unaridhika. Zinazofuata ama zinatupwa, ama zinaandikwa juu ya zile za mwanzo.

Kinachowaponza watu ni kwamba jedwali la majina ya faili hukaa mwanzoni mwa diski, kwenye sehemu ambayo ipo kweli. Folda zote zinaonekana, na majina, ukubwa na tarehe. Mtu anahesabu, anaona zimetimia, anafuta kwenye simu. Miezi kadhaa baadaye video haichezi na picha imekatika nusu, nusu nyingine kijivu.

Bei peke yake inatosha kukushtua. Samsung T5 EVO, SSD ya mfukoni iliyotoka 2023, inaishia 8TB, na bei yake ni ya kununulia laptopu. Diski za mfukoni za kuzunguka (HDD), zile zisizohitaji umeme wa ukutani, zilifika 6TB mwaka 2024. Flashi ya kweli ya 2TB ipo, Kingston waliitoa 2017, lakini ni nene na bei yake ni ya juu mno. Kwa hiyo mtu akikuuzia 2TB kwa bei ya flashi ya GB 64, ujue unanunua GB 64 au pungufu.

Dalili nyingine ni hesabu. Kwenye Windows, 2TB halisi husoma karibu 1.81 TB, na 1TB husoma karibu 931 GB, kwa sababu Windows inagawa kwa 1024. Ikikuonyesha 2.00 kamili, kuna mtu amepanga hiyo namba. (Mac inagawa kwa elfu, kwa hiyo kwake 2TB ni sawa.) Lakini namba ikiwa sahihi usijipe moyo, hiyo nayo inaghushiwa. Kipimo cha kweli ni kuijaza diski yote, kisha kuisoma tena.

Kwenye Windows tumia H2testw. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Chagua diski, chagua nafasi yote iliyopo, anza. Inaandika faili za GB 1 hadi ijae, halafu inazisoma moja moja. Unachotafuta mwishoni ni "Test finished without errors". Likija jingine lolote, hiyo haifai. Kwenye Linux na Mac kazi hiyo hufanywa na F3: f3write kwanza, chomoa kwa utaratibu, chomeka tena, kisha f3read. Usiruke hatua ya kuchomoa, maana kompyuta hubaki na nakala kwenye RAM, na unaweza kudhani umesoma diski kumbe umesoma RAM.

Subira inahitajika. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa 55 kujaza 2TB. Wauzaji wanategemea hapo hapo, kwamba hakuna atakayesubiri. Kwa majibu ya haraka dukani tumia ValiDrive ya Windows, ambayo inagusa sehemu 576 zilizotawanyika diski nzima, au kwenye Linux:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb

Hiyo inafuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha kwanza kwa lsblk (amri inayoorodhesha diski zilizochomekwa) kwamba sdb ndiyo flashi na si diski ya kompyuta yako. F3 ina pia f3fix ya kuipunguza flashi feki ibaki na nafasi yake halisi. Kwa kuhifadhi kumbukumbu msifanye hivyo. Chipu zinazowekwa humo ni makapi.

Ukihama kwenda diski za kuzunguka, kuna mtego mwingine: diski iliyotumika kuuzwa kama mpya. Januari 2025 jarida la heise la Ujerumani lilianika diski za Seagate zilizofanya kazi maelfu ya saa, hesabu ya SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea) ikarudishwa sifuri, zikauzwa kwa wateja kama mpya. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayosoma SMART, uangalie Power On Hours (saa ilizowashwa), Reallocated Sectors (sehemu mbovu zilizobadilishwa) na Current Pending (sehemu zinazoshukiwa). Mpya inatakiwa kuwa na saa chache sana, na hizo mbili nyingine ziwe sifuri. Kwa Seagate ongeza amri ya smartctl -l farm /dev/sdb, inayosoma FARM, kumbukumbu nyingine ya Seagate yenyewe, kisha linganisha saa. SMART ikisema 2 na FARM ikisema 20,000, irudishe.

Kama tayari umehamishia vitu kwenye diski feki, acha kuiandikia na usiiformati. Nakili kila kinachofunguka kwenda kwingine. Kisha rudi kwenye chanzo: acha mara moja kutumia memori kadi ya kamera ambayo picha zilitoka na uipitishe PhotoRec (programu ya kurudisha picha zilizofutwa), na angalia pipa la Google Photos kabla muda wake haujaisha. Matumaini yako hapo. Fundi akikuambia ataokoa data kutoka kwenye feki yenyewe kwa malipo ya mbele, mkatalie. Kilichozidi nafasi halisi hakikuandikwa popote, au kimefutwa na kilichoandikwa juu yake.

Piga picha ya majibu ya kipimo pamoja na diski, tunza risiti na ujumbe wa malipo, dai pesa yako. Tanzania malalamiko ya bidhaa bandia yanapokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), Kenya ni Anti-Counterfeit Authority.

Kwa kumbukumbu za miaka mingi nunua diski mbili za kuzunguka za 1TB au 2TB, za kampuni mbili tofauti, duka linalotoa risiti na kukubali upime. Ijaze kila moja kwa H2testw kabla ya faili ya kwanza kuingia. Moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu. Flashi na SSD zibebe vitu vya kusafiri navyo tu, kwa sababu zikikaa kabatini bila umeme chaji inayoshika data inavuja taratibu, na joto la pwani linaharakisha.