Prado 150 ya petroli, injini 2.7: nilivyoipima kabla ya kulipa, na inavyonibeba mpaka leo

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa familia ya watu saba inayotafuta gari la kukaa nalo hadi watoto wamalize shule, Toyota Prado 150 yenye injini ya petroli ya lita 2.7 ningeinunua tena leo, pamoja na uzito wake wa kuondoka na ulafi wake wa mafuta. Ila mtu akikwambia "Prado ni ngumu" akaishia hapo, hajakwambia kitu. Prado mbili za rangi moja zinaweza kuwa na injini tofauti kabisa chini ya boneti, na kila injini ina namna yake ya kuzeeka.

Toleo hili la 150 lilianza 2009, likaondoka 2023. Zilizouzwa Japani miaka ya mwanzo zilikuwa za petroli tu: 2.7 ya silinda nne, ambayo mafundi wanaiita 2TR, na 4.0 ya silinda sita (V6), yaani 1GR. Katikati ya 2015 Wajapani wakaletewa dizeli ya 2.8, 1GD, V6 ikaachwa, na 2.7 ikapewa giaboksi la gia sita badala ya nne. Kwa hiyo ukiona Prado 150 ya dizeli ya mwaka 2012, jua haikuuzwa Japani. Mara nyingi imetoka Uingereza, na ndani yake kuna 1KD ya 3.0.

Hapo ndipo nilipoanza kubishana na baba watoto. Yeye alitaka dizeli, na sababu alikuwa nazo: kwetu ni Njombe, tunaishi Dar, na kila Desemba tunapanda mlima Kitonga tukiwa saba na mizigo. Dizeli inapanda, hilo simbishii. Nilichomuuliza ni hiki: hizo siku nyingine za mwaka gari litakuwa wapi? Litakuwa kwenye foleni ya Mbezi. Dizeli ya 2.8 ina chujio la moshi kwenye ekzosi, linalonasa masizi na kuyachoma lenyewe, na ili yaungue vizuri gari linataka kukimbia kwa mwendo wa kutosha kwa muda. Safari fupifupi za mjini zinalinyima nafasi hiyo. Tatizo la chujio hilo lilifika hadi Mahakama ya Shirikisho ya Australia, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba Prado, Hilux na Fortuner za dizeli zilizouzwa kule kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020 zilikuwa na kasoro. Juu ya hapo, 2.8 ya soko la Japani inataka AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, kwenye tenki lake la pembeni. Dar utaipata. Kijijini, barabara ya vumbi, Desemba 24? Sitaki kujaribu.

Ile 3.0 ya zamani nayo ina ugonjwa wake, na fundi yeyote wa dizeli pale Gerezani, Dar, atakusimulia. Sili za nozeli zinazopuliza dizeli zikichoka, moshi wa mwako unapenya hadi kwenye oil, oil inakuwa nzito kwa masizi, na chekeche la kunyonyea oil kule kwenye sampu, bakuli la oil chini ya injini, linaziba. Injini inakosa oil huku ukipima kijiti unaona imejaa. Mwenye nayo asiogope, abadilishe sili kwa wakati na achungulie chekeche. Lakini mimi nilikuwa nanunua gari ambalo mtu mwingine ameshalitumia, na huyo mtu sikuwa na namna ya kumuuliza alifanya nini.

Petroli ya 2.7 haina turbo wala nozeli za shinikizo kubwa, na wala haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, kwa sababu inatumia cheni. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Uimara wa muda mrefu naupima kwa kuhesabu vitu vya bei mbaya vinavyoweza kuharibika, kisha najiuliza ni fundi gani nje ya Dar anayeweza kuvigusa.

Tulianza na magari yaliyokwisha kusajiliwa hapa nchini. Dalali mmoja alituletea moja linang'aa. "Dada, hii mkono wa kwanza, weka mafuta uondoke." Nilikuwa nimeomba lisiwashwe kabla sijafika. Nikaweka kiganja kwenye boneti, ya moto. Akasema alilisogeza kutoka kwenye jua. Nikashukuru, nikaondoka, maana injini ikishapata moto inaficha mengi: cheni iliyolegea inalia zile sekunde za kwanza asubuhi, giaboksi lililochoka linasita kushika D likiwa la baridi, na moshi wa bluu wa oil unaonekana zaidi injini ikiamka baada ya kulala usiku kucha.

Mwisho tukaagiza Japani, toleo la 2016. Karatasi ya mnada, ile yenye alama za hali ya gari, ndiyo niliyoisoma kuliko picha. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Na usiamini karatasi peke yake, linganisha kilometa zake na zile zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa lazima wa Japani, ambao gari dogo jipya hufanyiwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Mita iliyorudishwa nyuma inaumbuka hapo. Niliomba pia picha za chesisi kwa chini, hasa karibu na eksili ya nyuma, kwa sababu magari ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na ya Uingereza yanapita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji. Bodi inaweza kung'aa juu huku chesisi inaliwa chini.

Gari la siti safu tatu lina faida moja ambayo watu hawaitumii: siti za nyuma kabisa zinasema ukweli. Vuta mikanda yake yote hadi mwisho. Ukikuta mstari wa tope au ukungu, gari lilizama. Tazama lebo ndogo kwenye mkanda, ina tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa mkanda mmoja ni mdogo kwa miaka kuliko gari lenyewe, uliza kwa nini ulibadilishwa. Kisha washa AC ya nyuma na ukae pale dakika kumi. Wauzaji wanaonyesha ya mbele tu.

Matumizi sasa. Mjini linakula lita moja kwa kilometa sita hadi saba, na likikwama foleni ni chini ya hapo. Kitonga likiwa limejaa linapiga kelele na kushuka gia, malori tu ndiyo tunayapita kwa uhakika. Namwaga oil kila kilometa 5,000, sisubiri taa. Bushi za mbele na stabilaiza linki zimeshabadilishwa kwa sababu ya barabara zetu, na spea zake Kariakoo unachagua kuanzia orijino hadi za kubahatisha. Injini na giaboksi havijafunguliwa.

Kinachoniudhi ni mambo ya kila siku. Siti za nyuma kabisa sakafu yake iko juu, mtu mzima anakaa magoti kidevuni, kwa hiyo pale ni watoto tu. Zikiwa zimesimama, buti inabaki ya kuweka mikate. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu. Ukipaki ukiwa umebana ukuta, utapitisha mizigo kwenye kioo, ambacho bahati nzuri kinafunguka peke yake.

Kwa ambao bei ya Prado haishikiki, nilitazama mengine mawili. Nissan X-Trail T32 ya siti saba ni tamu kuendesha na inakula kidogo, lakini giaboksi lake ni CVT, yaani lisilo na gia za hatua, na Marekani, ambako dada yake anaitwa Rogue, dhamana ya giaboksi hilo iliongezwa baada ya malalamiko ya wenye magari. Ukiichukua, hakikisha imekuwa ikiwekewa oil yake yenyewe ya CVT, wala usiibebeshe saba hadi Njombe kila mwezi. Toyota Kluger ya siti saba ni ya zamani zaidi, na ukiiagiza leo ushuru wa uchakavu utakukamata, kwa hiyo tafuta ya hapa nchini. Yenye injini ya 2.4 inajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea kwenye bloku, maji yakaanza kuvuja upande wa nyuma wa injini, kwenye ukuta wa kabini, ambako jicho halifiki kirahisi. Nenda na tochi na kioo kidogo. Ukikuta alama ya maji yaliyokauka pale, mrudishie mwenyewe funguo zake.