Kiti cha Choo Chenye Kijibomba: Miezi Minne Nyumbani kwa Mama, Tanga

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo nazungumza nanyi nikiwa msalani, nyumbani kwa mama yangu hapa Tanga. Kamera nimeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, kwa hiyo picha ikitikisika kidogo mnivumilie. Nimekuja kuwaonesha kiti hiki cha choo chenye kijibomba cha kuchambia ndani yake. Madukani wanakiita bideti. Tumekitumia miezi minne sasa, na kusema kweli nimechelewa kuwaletea.

Habari za rangi, uzito, na kifuniko kinachoshuka taratibu bila kubamiza, zote zimeandikwa kwenye boksi. Mimi nataka tuangalie kijibomba. Sogeeni.

Nimetandika nailoni angavu juu ya choo ili maji yasinirukie, na ili muone. Hapa mkono wa kulia kuna kitasa. Sasa hivi kijibomba hakionekani, kimejificha nyuma, ndani ya kibanda chake cha plastiki, hata mtu akienda haja kubwa hakichafuki. Nazungusha kitasa kidogo tu... angalia. Kinashuka chenyewe. Hakuna umeme hapa, hakuna betri, ni msukumo wa maji unaokisukuma kitoke. Maji yanapiga nailoni hapa katikati, palepale panapotakiwa. Naongeza... mnasikia mlio? Napunguza. Nafunga, kinarudi ndani. Ngoja nirudie, maana nilipokiona mara ya kwanza nami nilirudia kama mara kumi. Kinatoka, kinaosha, kinarudi. Nikizungusha kitasa upande wa pili, maji yanakiosha chenyewe kabla hakijatumika.

Mwaka jana mama alipata kiharusi. Anaendelea vizuri, anaongea, anatembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Na ninyi mnajua kwetu mkono wa kushoto kazi yake ni ipi. Wa kulia tunalia chakula, wa kushoto tunachambia. Basi mtu mzima aliyenizaa, aliyenitawaza mimi nikiwa mtoto, akawa lazima amwite binti yake amtawaze. Hakuwahi kulalamika kwa mdomo. Alianza kula kidogo, na chai ya jioni akaiacha kabisa. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe alikuwa anapunguza safari za choo ili asinisumbue.

Ndiyo maana kifaa hiki mimi nakichukulia kwa uzito. Mama anakaa, anazungusha kitasa kwa mkono wake wa kulia, anajisafisha, anajifuta kwa kitaulo chake, anatoka. Chai ya jioni amerudi kunywa, vikombe viwili.

Najua mtaniuliza, mbona shatafu ipo, ule mpira wa maji wa kushika mkononi? Shatafu naipenda, kwangu Dar ninayo, na ndugu zetu walioko Oman na Dubai wameizoea miaka mingi. Lakini shatafu inataka mkono ulioishika, na bado unataka mkono wa pili. Halafu ukisahau kufunga koki ya ukutani, mpira unabaki na presha usiku kucha. Kwangu ulipasuka saa tisa za usiku, tukaamka zulia la sebuleni linaelea. Na sakafu inalowana, na sakafu iliyolowana kwa mgonjwa wa mkongojo ni hatari kubwa. Kopo nalo, lazima uinuke na kujipinda. Kwa kijana mzima hakuna tabu. Kwa mjamzito wa miezi minane, kwa mwenye bawasiri, kwa mama aliyetoka kujifungua na ana nyuzi, ni mateso. Hawa maji mepesi yanawafaa kuliko kusugua karatasi, ila waliofanyiwa upasuaji waulize daktari wao kwanza. Na wanawake wenzangu, maji yaende kutoka mbele kurudi nyuma, na presha iwe ndogo. Si kifaa cha kuosha ndani.

Sasa vile vya umeme. Kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuuza Washlet mwaka 1980, na ni vizuri kweli: maji ya uvuguvugu, kiti chenye joto, vingine vina upepo wa kukausha. Lakini sikilizeni hapa, maana wapo wanaouziwa vilivyotumika kutoka Japani. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja umekiunguza siku hiyohiyo, na ni kifaa kinachokaa na maji chini ya mwili wa mtu. Msichezee. Kinahitaji transfoma ya kufaa, nyaya za ethi, na fundi umeme anayejua kazi. Bei ya kipya nilipouliza ilivuka milioni moja. Hiki changu 145,000, na fundi bomba 20,000. Siku za nyuma nilikuwa nasema maji ya uvuguvugu ni anasa tu. Wiki iliyopita nilikuwa Lushoto, asubuhi yenye ukungu, nikatumia maji ya bomba... ndugu zangu wa Lushoto, Njombe na Mbeya, kama uwezo upo, cha umeme mnunue.

Huku Tanga shida ni kinyume. Bomba letu linapita juu ya bati, saa nane mchana maji yanatoka ya moto. Yafungulieni kwanza kwenye sinki yapungue joto. Tulijifunza siku ya tatu.

Na hili la presha ndilo lililonikera, maana muuzaji hakunigusia kabisa. Maji yakianguka kutoka kimo cha mita 10 yanatoa bar 1 ya presha. Simtanki la mama lilikuwa kwenye mnara wa mita mbili, maana yake bar 0.2. Siku ya kwanza kijibomba kilitoka nusu, maji yakadondoka kama kanzu iliyoanikwa. Nikakasirika, nikataka kukirudisha. Fundi akatuambia tupandishe tangi hadi mita tano, na ndiyo hayo mliyoyaona kwenye nailoni. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, panda juu, pima. Ingawa, tuseme ukweli, hata yale ya kudondoka mama aliyatumia wiki nzima na hakuniita.

Kufunga ni rahisi. Kiti cha zamani kina boliti mbili, unakitoa. Pima kutoka kwenye matundu ya boliti hadi ukingo wa mbele wa choo, sentimita 42 hivi ni cha mviringo, 47 ni kirefu. Ukikosea, kiti kitaning'inia. Koki ya tangi la kuflashi unaifunga, unaweka kiungo cha T, uzi wa nusu inchi, unazungushia tefloni, ule utepe mweupe wa kuzuia maji yasivuje, basi. Mlioko Marekani, ule wa kwenye tangi huko huwa inchi 7/8, msinunue huku mkapeleka.

Maji nimepima kwa jagi: nusu dakika, takriban nusu lita. Kopo letu la choo ni lita moja na nusu, na mara nyingi linajazwa mara mbili.

Mlioniandikia kuhusu sauti ya video ya jiko la gesi, mlikuwa sahihi, nimenunua maiki mpya, ndiyo hii. Kuanzia sasa video zinatoka Jumatano. Ijayo ni fundi bomba wetu mwenyewe, atajibu maswali ya matangi, kwa hiyo yaandikeni hapo chini.

Kitu kimoja kuhusu mlango nisisahau. Zamani ulibaki wazi kidogo ili nimsikie akiita. Sasa mama ameomba komeo. Tumeweka lile linalofunguka kwa nje kwa sarafu, akianguka tuingie, lakini kwa ndani anafunga mwenyewe.

Subirini... Naam mama? Haya, natoka.

Ndiye huyo, anataka kuingia. Nakunja stendi. Mama, angalia nailoni hapo, naiondoa. Tayari, karibu.

Mmesikia komeo?