Mafundi wa sakafu ya mbao Kisumu: kazi yao ya kusawazisha ndiyo niliyoilipia

Sebule ya nyumba yetu ya zamani huko Milimani, Kisumu, ilikuwa na sakafu ya saruji iliyoonekana sawa kwa macho, lakini kila tulipodeki, maji yalikimbilia pembe ya dirishani na kutuama hapo. Tulipoamua kuikarabati na kutandika mbao za mvule, ambazo zinasifika kwa kustahimili mchwa, niliita makundi mawili ya mafundi. La kwanza liliahidi kumaliza kwa siku tatu. La pili, ambalo ndilo nililolikabidhi kazi, halikutaja siku kwanza: mkubwa wao alipiga magoti, akalaza rula ya alumini ya mita 2 sakafuni na kuanza kupenyeza sarafu chini yake, akitia alama ya chaki kila zilipopita. Alinieleza kwamba katika urefu huo pengo lisizidi milimita 3 hivi. Letu la dirishani lilifika 14.

Jioni hiyo walibandika kipande cha nailoni sakafuni, wakaziba kingo zote kwa utepe, na kikakaa usiku kucha na kutwa nzima ya pili. Kilipobanduliwa, upande wa chini ulikuwa na matone madogo kama jasho, na saruji iliyofunikwa ilikuwa imekolea rangi kuliko ya kandokando.

"Mama, sakafu hii bado ina maji," fundi aliniambia. "Tukilaza mbao leo, zitayanywa zivimbe."

Chanzo kilikuwa bomba la paa lililomwaga maji chini ya ukuta wa dirisha. Walilihamisha, tukasubiri majuma matatu, wakarudia kipimo kile kile hadi nailoni ikatoka kavu. Ndipo wakasaga vilima kwa mashine, wakapaka praima (dawa ya kufanya saruji mpya ishike), wakajaza bonde la dirishani, kisha wakamwaga saruji ya kujisawazisha, ambayo nayo iliachwa ikauke vizuri. Ilipokauka, mbao zilipangwa humo humo sebuleni kabla ya kulazwa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa sababu mbao isiyozoea unyevu wa chumba itakamolala hutanuka au kusinyaa ikiwa tayari imegandishwa. Sijawahi kuona mafundi wakiheshimu mbao kiasi hicho, na nakiri ilinigusa.

Kulaza kwenyewe kulichukua siku nne. Leo rula ile ile haipitishi sarafu chini yake popote, na kochi halitikisiki.

Dosari ipo, tena si ndogo. Kandokando ya kuta waliacha nafasi ya milimita 12 ili mbao zipate pa kutanukia, na kuifunika kwa skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta), ila kwenye mlango wa veranda walibana mbao hadi kwenye kizingiti. Mvua za Aprili zilipokolea, mbao mbili za hapo ziliinuka kiasi cha kukwaza kidole. Nilipiga simu mara tatu kabla hawajaja. Walipofika walikata, wakaacha nafasi inayotakiwa na kuweka ukanda wa kuifunika, bila kudai malipo. Kuchelewa kule sikukupenda, kwa kuwa mama mkwe wangu mzee hupita mlango huo kila asubuhi.

Kusawazisha kulimeza karibu theluthi ya gharama yote, na sijutii. Nimewaita tena kwa vyumba vya kulala, na safari hii nafasi ya milangoni tumeiandika kwenye makubaliano kabla ya gundi kufunguliwa.