Mfuniko wa bati wa bamba la kukaangia: uzoefu wangu Kirumba, Mwanza

Nimeutumia masika yote na sasa tuko kiangazi, kwa hiyo nasema kwa uhakika: ukikaanga nje kando ya ziwa, fundi bati mzuri atakufaa kuliko turubai lolote utakalonunua dukani.

Bamba langu ni chuma cha milimita 5, sentimita 90 kwa 55, limekaa juu ya fremu yenye vichomeo vya gesi. Asubuhi nakaanga chapati, jioni mayai na minofu ya sangara. Chuma peke yake kinafika karibu kilo 20, bado fremu na miguu, kwa hiyo hakuna wa kulibeba ndani kila siku. Linalala nje, na mvua zetu zinapenda usiku. Nchi kavu ikipoa kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa ya juu ya maji inapanda na mawingu yanajikusanya. Ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria zinapiga usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo kibanda hakina mtu.

Turubai lilikuwa linazuia mvua, hilo sikatai. Tatizo ni kwamba lilikuwa linalalia chuma. Asubuhi ukilifunua unakuta upande wa chini umetoa jasho, na kila lilipogusa pana doa la kutu. Hapo ni kusugua, kupaka mafuta, kuchoma mpaka chuma kirudi cheusi na chapati iache kunata. Gesi inateketea na watu wa soko la samaki la Mwaloni, ambao wanataka chai na chapati kabla hakujapambazuka vizuri, wanaenda kwa jirani.

Fundi niliyempa kazi yuko upande wa Nyakato. Alikuja kupima bamba likiwa mahali pake, na hilo lilinifurahisha, kwa sababu vipimo vya kutajiwa kwenye simu havijui koki ya gesi imetokeza kiasi gani. Tulikubaliana bati bapa la geji 26. Wengine wanadhani geji 30 ni nene zaidi kwa kuwa namba ni kubwa. Ni kinyume chake, namba ikipanda bati linakuwa jepesi. Geji 30 itaezeka nyumba vizuri, lakini kwa mfuniko unaoinuliwa na kushushwa kila siku itabonyea mapema.

Umbo ndilo limenifanya niandike haya. Juu hakuweka tambarare. Upande wa mbele umeinuka na wa nyuma umeshuka sentimita 6, maji yanakimbilia nyuma, mbali na koki. Paa lote ni kipande kimoja kilichokunjwa, halina riveti hata moja. Riveti zipo ubavuni tu, na kila moja imepakwa silikoni. Nilipomuuliza kwa nini asichomelee, alinieleza vizuri: moto wa kuchomelea unaunguza zinki iliyopakwa kwenye bati, moshi wake unamdhuru fundi, na pale zinki ilipoungua ndipo kutu inapoanzia. Mtu wa namna hiyo unampa kazi bila wasiwasi.

Mfuniko haugusi chuma popote. Unakaa juu ya fremu, na kingo zake zinashuka kwa nje sentimita 5, maji yadondoke chini yasiingie ndani. Halafu kuna matundu. Nilidhani matundu na mvua havipatani, lakini haya ndiyo yaliyomaliza jasho. Yako ubavuni, chini ya mkunjo wa paa, yamezibwa kwa wavu wa waya ili wadudu wa ziwani wasiingie. Wanaoishi huku wanajua wadudu wale wanavyopaa kutoka majini kama moshi. Wakitua kwenye chuma chenye mafuta, asubuhi unakuta tope jeusi. Matundu mengine yako chini kabisa. Hayo yaombe hata kama fundi hakuyataja, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Koki ikivuja usiku, gesi inashuka, nayo lazima ipate pa kutokea kabla hujawasha kiberiti.

Yapo ya kulalamikia. Ulikuja kwa kuchelewa, tena ukingo wa chini haujakunjwa, ukali wake wa kukata kidole. Niliurudisha, akaukunja bila kudai hela. Mshikio ulikuwa mmoja katikati. Nikaomba miwili, kulia na kushoto, kwa sababu bati pana ukilinyanyua kwa mkono mmoja linajipinda. Upepo wa ziwani nao si wa kuchezea. Mfuniko ni mwepesi kuliko unavyodhani na uzito wake peke yake hauushikilii. Akaongeza makomeo mawili yanayobana fremu, moja nikalitilia kufuli. Hayo yote yangeweza kuwa kwenye mkataba tangu mwanzo, basi yaandike wewe.

Bei ilizidi laki moja kidogo, vifaa na ufundi pamoja. Si hela ndogo kwa biashara ya chapati. Lakini masika imepita na sijasugua kutu, wala kunguru hawajapata pa kudonoa.

Namna ninavyoutumia: nikimaliza kazi nakwangua chuma kikiwa bado na moto, nafuta, napaka mafuta kidogo sana kwa kitambaa, kisha nasubiri kipoe kabisa. Ukifunika cha moto, mvuke unapanda, unagonga bati na kurudi matone, na silikoni nayo haipendi joto hilo. Ndani sikupaka rangi, kwa kuwa rangi ikibanduka itaangukia kwenye chakula. Na sikubali mtu ageuze mfuniko kuwa sinia la kukatia nyanya au ndimu, maana uchachu unayeyusha zinki na chakula kinaibeba.

Wenzetu wa Dar na Tanga wasichukue ushauri huu wa bati kama ulivyo, maana chumvi ya bahari inakula zinki haraka kuliko hewa ya ziwa letu la maji baridi. Huko ningeulizia alumini. Na kama chuma chako ni kile kidogo cha chapati moja moja, hela yako iache mfukoni, kibebe ukalale nacho ndani. Mimi nimeshamwagiza fundi yuleyule mfuniko wa pili, wa jiko la kubanikia sato, na safari hii makomeo na mishikio miwili nimeviandika kwenye karatasi ya vipimo.