Darasa la uwezekano kwa wafanyabiashara, Mwanga Kigoma: ada yake inarudi

Nauza dagaa wakavu. Nanunua wabichi mwalo wa Kibirizi alfajiri mitumbwi inaporudi, naanika, napakia magunia ya Kahama na Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu akiniletea habari za takwimu, namuuliza zitanifaa nini saa kumi na moja alfajiri, watu wanagombea mabeseni na wingu limetanda juu ya ziwa. Darasa hili limenijibu swali hilo hilo, tena kwa hesabu ninayoweza kuipiga nikiwa nimesimama mchangani.

Linafanyika jioni kwenye chumba cha kupanga, si mbali na soko la Mwanga. Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa hisabati wa sekondari. Ada ni shilingi 45,000, unaweza kulipa kwa awamu mbili. Tuliosoma pamoja tulikuwa wachuuzi wa dagaa na migebuka, akina mama wa mawese, kijana mwenye duka la vifaa vya simu na mzee mmoja mwenye bajaji za kukodisha. Hakuna anayeulizwa cheti. Ukijua kuzidisha na kugawanya, umetosha.

Siku za mwanzo hazikunivutia sana. Mwalimu alianza na sarafu na dadu, kama vitabu vinavyoanza, na bibi mmoja wa Ujiji akasema wazi kwamba yeye dadu hashiki, hiyo ni kamari. Mwalimu hakubishana naye. Alikiri kwamba elimu hii kweli ilizaliwa kwenye meza za kamari, pale Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, walipoandikiana barua mwaka 1654 kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa kabla haujaisha. Kesho yake akaja na mfuko wenye maharage na mbegu za michikichi, tukawa tunachomoa bila kutazama na kuandika tunachopata. Bibi akawa wa kwanza kuingiza mkono. Nampa Mwalimu alama kubwa kwa hilo, maana darasa lisingemweka yule bibi, lingepoteza mtu aliyeuliza maswali mazuri kuliko sisi wote.

Somo lililonifanya niandike haya ni la mvua.

Kwa jua zuri dagaa wanakauka siku moja. Mvua ikiwakuta kwenye kichanja wanapoteza rangi, wanaanza kunuka, na mnunuzi wake anabaki ni mtu wa chakula cha kuku. Mwalimu akaweka mfano ubaoni. Umenunua wabichi, pamoja na vibarua umetumia 600,000. Jua likiwaka unauza 900,000, faida 300,000. Mvua ikinyesha unauza kwa watu wa kuku 200,000, hasara 400,000. Ununue au usinunue? Kila mtu alijibu kwa moyo wake. Mwenye deni benki alisema anunue, mwenye watoto shuleni alisema hapana.

Halafu akatufundisha kupima. Tuseme uwezekano wa mvua ni asilimia 30. Chukua 0.7 mara faida ya 300,000, unapata 210,000. Chukua 0.3 mara hasara ya 400,000, unapata 120,000. Toa, inabaki 90,000. Siku za namna hiyo ukizikusanya nyingi, kila moja inakuachia kama 90,000 kwa wastani, hata kama nyingine zitakuliza. Sasa peleka mvua asilimia 50: 150,000 kutoa 200,000, uko chini kwa 50,000. Mahali ambapo faida na hasara zinalingana ni 3 gawanya kwa 7, karibu asilimia 43. Chini ya hapo nunua, juu ya hapo mwachie mwenzako beseni. Bei ikibadilika, mpaka nao unahama, na kuupata upya ni rahisi: faida gawanya kwa jumla ya faida na hasara. Mimi sasa naupiga kwenye simu kabla sijatoa hela. Watu wa mwaloni wanadhani naangalia ujumbe.

Hapo nikauliza nilichokuwa nakiamini. Nikigawa dagaa kwenye vichanja viwili, kwangu na kwa jirani, si uwezekano wa kuharibikiwa kote unashuka hadi 0.3 mara 0.3, yaani asilimia 9? Mwalimu akanijibu, "Mama, mvua ya Kibirizi ni moja. Ikimlowesha jirani, wewe itakuruka vipi?" Akaeleza kwamba kuzidisha hivyo kunaruhusiwa pale tu tukio moja lisipobadilisha uwezekano wa lingine. Vichanja viwili vilivyopakana ni tukio moja limeandikwa mara mbili. Kugawa manunuzi kwa siku tofauti kunasaidia zaidi, ingawa napo si kikamilifu, kwa sababu masika mvua hupenda kufuatana. Nimesikia wafanyabiashara wakubwa hapa mjini wakijisifu kwamba wametawanya mzigo, kumbe wameutawanya chini ya wingu lile lile.

Jambo la pili ni mbalamwezi. Sote tunajua uvuvi wa taa unategemea giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi mingi inapumzika, na bei inapanda. Lakini wengi wetu tunaandika bei daftarini bila kutenga usiku wa giza na usiku wa mwezi, kisha tunatafuta wastani wa mwezi mzima. Unapata bei ambayo huikuti mwaloni siku yoyote: siku za giza iko juu mno, siku za mbalamwezi iko chini mno. Mwalimu alitufanya tupige mstari katikati ya daftari, giza kushoto, mwezi kulia, na kila upande upate hesabu yake. Huo ndio uwezekano wenye sharti. Aliposema hivyo akina mama wa mawese wakaona nao wana mwezi wao, yaani msimu wa mavuno ya michikichi. Akatukumbusha pia kutochanganya miezi ile ya mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Bei za wakati ule ni za hali nyingine kabisa, ziwekwe ukurasa wake.

Sehemu ya wastani na namba ya katikati niliipita haraka, labda kwa kuwa niliijua kwa uzoefu: mteja mmoja anayekaa na deni lako miezi mitatu anaharibu wastani wa wote wanaolipa ndani ya wiki.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo na joto lake si la kawaida. Umeme ukikatika mnasomea tochi za simu. Hakuna karatasi za kuchukua nyumbani, unanakili kila kitu ubaoni, na asiyeandika haraka anabaki nyuma. Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi alivyoharakisha somo la kumbukumbu chache. Alitaja kwamba William Gosset, aliyefanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alitoa mwaka 1908 njia ya kupima sampuli ndogo, akitumia jina la Student kwa sababu kiwanda hakikuwaruhusu watumishi kuchapisha kwa majina yao. Kisha akagusia kwamba ukitaka shaka yako ipungue nusu, kumbukumbu ziwe mara nne, akafuta ubao. Jamani, hilo ndilo tatizo letu hasa! Mchuuzi wa Kigoma hana rekodi za miaka kumi, ana daftari moja lililoloa maji. Somo hilo lilistahili jioni nzima, na nimemwambia hivyo kwa heshima zote.

Nani aende? Mwenye biashara ambayo kila siku anaamua anunue kiasi gani kabla hajajua kesho itakuwaje: samaki, nyanya, mikate, mafuta ya bajaji. Anayetafuta kujifunza kompyuta asiende, hapa ni kalamu na kikokotoo cha simu tu. Na asiyeandika mauzo yake aanze kuandika leo, tarehe, bei na hali ya hewa, ndipo ajiandikishe, la sivyo atakuwa anapiga hesabu za dagaa wa wenzake.

Darasa jipya hufunguliwa mbalamwezi inapoingia, maana ndipo sisi wa mwaloni tunapata nafasi jioni. Fika mapema, viti vya karibu na dirisha vinajaa kwanza.