Balbu ya LED kwa tochi kuukuu

Balbu ya LED yenye kitako (sehemu ya chini inayoingia kwenye tochi) cha aina ya P13.5s, ambacho hupatikana katika tochi nyingi za zamani za betri kubwa, imenithibitishia kwamba tochi hizo hazistahili kutupwa. Kabla ya kuifunga, nilisafisha ukoga wa betri za alkali zilizovuja kwa siki, kwa kuwa asidi yake huuyeyusha, kisha nikasugua springi na sehemu za chuma zinazogusana ndani ya swichi kwa msasa laini hadi chuma kikang'aa. Kazi hiyo pekee huongeza mwanga hata kwa balbu ya zamani, na wengi huipuuza. Mwanga wa LED ni mweupe na mkali, na betri hudumu zaidi, maana balbu ya waya hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto. Kasoro ni mwale wake: LED hurusha mwanga mbele zaidi kuliko pembeni, hivyo kiakisi, yaani bakuli linalong'aa linaloizunguka balbu, hakipati mwanga wa kutosha kuukusanya mbali. Mnunuzi ahakikishe kwamba volti zinalingana na idadi ya betri, na asizigeuze betri, kwani LED haiwaki umeme ukipita kinyume.