Duka la kubashiri la Chikongola, Mtwara: risiti inayoonyesha kodi iliyokatwa

Nimefanya kazi ya uhasibu katika vyama vya msingi vya wakulima wa korosho kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenizoesha kuipima huduma yoyote ya fedha kwa karatasi inayobaki mkononi mwa mteja. Kwa kipimo hicho ninalieleza duka dogo la kubashiri matokeo ya mpira lililopo Chikongola, mjini Mtwara, ambalo nililifikia mwezi Oktoba mwaka 2025 kwa ajili ya mpwa wangu. Mimi sibashiri, kwa hiyo sitazungumzia odi zao, yaani viwango vya kuzidishia dau, wala wingi wa ligi wanazozionyesha. Nitazungumzia namna wanavyomlipa mshindi na namna wanavyomweleza kodi.

Mpwa wangu anauza chaja na vipuri vya simu. Aliweka dau la shilingi 5,000, mkeka wake, yaani tiketi ya mechi kadhaa kwa pamoja, ukatiki wote bila kukosea hata mechi moja, na tiketi ikaonyesha malipo ya shilingi 230,000. Alipokabidhiwa shilingi 196,250 alikuja kwangu akiwa na hasira, akaniambia, “Mjomba, wamenipunja, twende ukawasomee hesabu.” Tulikwenda. Binti wa dirishani alitupa shikamoo, akaichukua risiti, akaifafanua mstari kwa mstari bila kutuharakisha ingawa nyuma yetu palikuwa na foleni. Dau la 5,000 lilitolewa kwanza, ushindi ukabaki 225,000, kodi ya asilimia 15 ya ushindi huo ikawa 33,750, na kiasi cha kulipwa kikawa 196,250. Hesabu ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, na kila tarakimu ilikuwa na jina lake. Risiti ilikuwa pia na namba ya tiketi, saa ya malipo na namba ya leseni ya kampuni.

Wapo watakaoona kwamba ninasifu jambo dogo. Mwaka huohuo mpwa wangu aliwahi kushinda kwa kampuni nyingine kupitia simu, akapokea ujumbe mmoja tu unaotaja fedha zilizoingia, na alipoomba mchanganuo mara mbili akajibiwa kwamba kodi imekatwa kwa mujibu wa sheria. Ni kiasi gani, na kwa kiwango gani, hakuambiwa hadi leo. Kiwango chenyewe kimebadilika mara kwa mara: mwaka 2021 kodi ya ushindi wa michezo ya kubashiri ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15, baadaye ikafika asilimia 10, na mwezi Julai mwaka 2025 ikarudishwa asilimia 15. Mtu anayekumbuka kiwango cha zamani atadhani ameibiwa, au ataibiwa kweli asijue.

Lakini sababu kubwa ya kuithamini risiti hii ni duka la mpwa wangu. Kodi ya ushindi hutozwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ni sura ya 41, na mwendeshaji wa mchezo ndiye anayeizuia na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Haitozwi kama faida ya biashara chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, sura ya 332. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, naye hukadiriwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo. Sasa mtu huyu anapopokea fedha za ushindi kwenye laini ileile ya simu anayolipiwa na wateja wake, taarifa ya miamala itaonyesha fedha zilizoingia bila kuonyesha zimetoka wapi, na zikihesabiwa kuwa mauzo atakuwa ametozwa mara mbili kwa fedha moja. Kinachozitenganisha ni risiti yenye mstari wa kodi. Nimewaona wakulima wakishindwa kudai haki yao ya malipo ya pili ya korosho zao kwa sababu ya stakabadhi iliyopotea, na sitaki kijana wangu apitie njia hiyo.

Nilimuuliza binti yule kama tiketi zilizochanika, yaani zilizoshindwa, hupunguza kodi ya ile iliyoshinda. Alijibu waziwazi kwamba hazipunguzi, kwa kuwa kila ushindi hukatwa peke yake. Huo ndio ukweli, na mteja anastahili kuambiwa kabla ya kuweka dau. Nchini Marekani mshindi huujumlisha ushindi kwenye mapato yake ya mwaka, na anayeorodhesha makato yake huruhusiwa kutoa hasara zisizozidi ushindi, ingawa kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 ni asilimia 90 tu ya hasara hizo inayokubalika. Uingereza mshindi hatozwi kitu, hutozwa kampuni. Kwetu hutozwa wote wawili, kampuni kwa mapato yake ghafi na mshindi kwa ushindi wake.

Duka lina kasoro ambazo sitazificha. Maandishi ya risiti hufifia upesi, hasa ikikaa mfukoni katika joto letu la pwani, na hawatoi nakala nyingine pasipo kuombwa. Bango la kiwango cha kodi limebandikwa ndani, nyuma ya kaunta, mahali ambapo mteja hulisoma akiwa amekwisha kulipa. Linapaswa kuwa mlangoni, pamoja na lile la kuwazuia walio chini ya miaka 18.

Risiti ya mpwa wangu tuliitolea nakala siku ileile. Ile halisi tumeibana kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa tarehe hiyo, na mauzo ya chaja na vipuri ya siku hiyo yameandikwa chini yake kwa wino wa rangi nyingine.